Vita vya mashariki mwa Kongo vilianza lini?

Muulize ofisa wa serikali ya Rwanda vita vya Kivu vilianza lini, atakutajia 1994. Mwenzake wa Kinshasa atasema 1996, au 2 Agosti 1998. Mzee wa Kibanyamulenge kule Minembwe, nyanda za juu za Kivu Kusini, ataanzia 1981. Chifu wa Wahunde, kabila la Masisi huko Kivu Kaskazini, atakurudisha hadi 1937. Mwanaharakati wa Brussels au Washington ataanza na bei ya koltani, madini ya kutengenezea simu, ya mwaka 2000. Wote watano wanasema kweli, kwa maana kila mwaka walioutaja una tukio lake na nyaraka zake. Lakini mwaka wa kuanzia ukishakubaliwa, mengine yote hujipanga yenyewe: nani mchokozi, nani anajihami, dawa ni ipi. Ndiyo sababu ubishi kuhusu Kongo hauishi hata pale kila upande unapoweka ushahidi wa kweli mezani.

Mwaka 1994 ndio wenye nguvu kuliko yote nje ya Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wahutu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka kuingia nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ndani ya umati huo walikuwemo askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, wengi wakiwa na silaha zao. Kambi ziliwekwa karibu na mpaka, kuzunguka Goma na Bukavu, na wenye silaha hawakutenganishwa na raia. Kutoka humo wakaanza kuishambulia Rwanda. Masalia yao ndiyo yaliyounda kundi la FDLR mwaka 2000. Ukianzia hapa, kila Rwanda inapovusha askari inajihami, na suluhu ni FDLR kumalizwa. Ugumu wa simulizi hii uko kwenye hesabu zake zenyewe: FDLR ya leo ni kivuli cha ile ya miaka ya 2000, ilhali eneo walilotwaa M23, waasi wa Kongo wanaoungwa mkono na Rwanda, mwaka 2025, Goma tarehe 27 Januari na Bukavu katikati ya Februari, ni kubwa kuliko walilowahi kushika wakati wowote. Tishio limepungua, kinga imepanuka. Jambo hilo linahitaji maelezo mengine, na neno usalama peke yake halitoshi.

Ukianzia 1996, picha inageuka. Oktoba mwaka huo Rwanda na Uganda ziliwapa nguvu waasi wa AFDL chini ya Laurent-Désiré Kabila, kambi zikavunjwa, na wakimbizi Wahutu wakauawa kwa wingi walipokuwa wakikimbilia magharibi. Mobutu alianguka Mei 1997. Mwaka uliofuata Kabila aligombana na waliomweka madarakani, na 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Kinshasa sasa huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kwa jina la Genocost, yaani mauaji ya kimbari kwa ajili ya faida. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 1 Oktoba 2010, maarufu kama ripoti ya Mapping, iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa, na ikasema baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi Wahutu yanaweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari iwapo yatathibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka. Kigali ilikasirika mno. Kinshasa huinukuu ripoti hiyo kila mara, ila mara chache hutaja inapoanzia: Machi 1993. Mwezi huo watu wenye asili ya Rwanda waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na mapigano yakaenea Masisi. Wakati huo hapakuwa na jeshi la Rwanda ndani ya Kivu, wala kambi za wakimbizi wa 1994. Waliouana walikuwa majirani.

Majirani hao waligombania vitu viwili vilivyofungamana, ardhi na uraia, na hapa panahitaji subira kwa sababu ndipo simulizi nyingi huruka.

Kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950, wakoloni wa Kibelgiji walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kwenda Masisi, wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Wengine wenye lugha hiyohiyo walikuwepo tayari, mfano huko Rutshuru, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni mwaka 1910 uliwakuta upande wa Kongo. Wafugaji ambao baadaye walijulikana kama Banyamulenge walikuwa wamefika nyanda za juu za Kivu Kusini tangu karne ya 19. Kisha mwaka 1959 na kuendelea wakaja wakimbizi Watutsi waliofukuzwa Rwanda. Hayo ni makundi manne, yaliyoingia kwa njia nne na nyakati nne. Kwenye mabishano huwekwa kwenye kapu moja: upande mmoja huyaita yote Wakongo wa asili, upande wa pili huyaita yote wageni wa juzi. Kila upande huchagua kundi moja kama mfano na kulifanya liwasemee wengine.

Sheria nazo ziliyumba. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia kwa mkupuo watu wenye asili ya Ruanda-Urundi walioishi Kivu tangu kabla ya 1 Januari 1950. Wapinzani waliiona kuwa kazi ya Barthélemy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya Mobutu, ambaye naye alikuwa na asili ya Rwanda. Juni 1981 sheria mpya ikaifuta: ili uwe raia, babu zako walipaswa kuwa wa kabila lililokuwepo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Hakuna mkulima wa Masisi mwenye karatasi ya 1885. Hakuna hata Mhunde mwenye nayo, ila yeye haulizwi.

Matokeo yake hayakuwa ya vitabuni tu. Katika Kivu, ardhi ya vijijini hugawiwa na chifu wa jadi, na chifu hutoka katika kabila linalotambuliwa kuwa na eneo lake. Asiye na uraia hana chifu, na asiye na chifu analima kwa hisani. Mwaka 1995 bunge la mpito lilipitisha azimio la kutaka wenye asili ya Rwanda na Burundi warudishwe kwao. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawaambia Banyamulenge waondoke. Vijana wao wengi walikuwa tayari wamejiunga na mafunzo upande wa pili wa mpaka. Kwa Kigali, huo ni ushahidi kwamba ilikwenda kuokoa watu. Kwa Kinshasa, ni ushahidi kwamba watu hao walikuwa mlango wa adui. Tukio ni lilelile, na tarehe ni zilezile.

Sheria ya Novemba 2004 ililegeza sharti: sasa hesabu ni ya makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru, 30 Juni 1960. Kwenye karatasi, mgogoro wa 1981 umekwisha. Vijijini bado mtu huhukumiwa kwa pua yake na lafudhi yake.

Simulizi ya madini ndiyo inayopendwa zaidi na wageni, na ukiitazama ni rahisi kuona sababu. Ina mnyororo unaoonekana: shimo la koltani Rubaya, mwanamgambo, mfanyabiashara, simu iliyo mkononi mwa msomaji. Inampa msomaji wa mbali kazi ya kufanya. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, kinachoyataka makampuni yaliyo katika masoko yake ya hisa kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Marufuku ilipoondolewa, wanunuzi wakubwa walikuwa wameshajitenga, kwa kuwa kuthibitisha gunia limetoka wapi kulikuwa na gharama kubwa kuliko kununua kwingine.

Utaratibu wa kuweka alama uliofuata ni mwepesi kuueleza. Gunia hufungwa kibandiko cha plastiki chenye namba mgodini, hupewa kingine kwenye ghala la mnunuzi, na namba hizo huandikwa kwenye daftari linalofuatana na mzigo. Kinachoharibika ni kibandiko chenyewe. Kikitoka mkononi mwa mtumishi wa serikali asiyelipwa kwa wakati, kinauzwa, na mzigo wowote unaweza kuvaa alama ya mgodi safi. Tena alama zilianza kutumika Rwanda miaka kadhaa kabla ya kufika Rubaya, hivyo mzigo wa Kivu ulikuwa na sababu ya ziada ya kuvuka mpaka kwa magendo na kuuzwa kama wa Rwanda. Septemba 2014 wataalamu na wanaharakati wapatao 70, Wakongo na wageni, walitoa barua ya wazi wakisema kampeni hiyo imewaumiza wachimbaji wadogo na familia zao bila kuvipunguza vita.

Je, madini hayahusiki? Yanahusika sana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23, baada ya kutwaa Rubaya Aprili 2024, ilikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani. Ila fedha za kuendeshea vita ni jambo moja na sababu ya vita ni jingine. Utafiti wa uwanjani uliotolewa 2017 ulihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu mbili, na vingi hutoza kila kipitacho, mkaa, mbao, maharage, hata mtu atembeaye kwa miguu. Sehemu kubwa ya vizuizi hivyo ilikuwa mikononi mwa askari wa serikali. Na huko Minembwe, ambako hakuna mgodi wa kutajika, watu wameuana kwa miaka juu ya malisho ya ng'ombe na mipaka ya uchifu. Simulizi ya madini haina cha kusema kuhusu Minembwe, kwa hiyo Minembwe haisikiki.

Sasa twende kwenye takwimu, maana ndizo zinazorushwa kama mawe.

Idadi ya "Wakongo milioni sita waliouawa" hutokana na tafiti za shirika la misaada la IRC, ambalo Januari 2008 lilikadiria vifo vya ziada milioni 5.4 kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Vifo vya ziada havina maana ya watu waliopigwa risasi. Ni tofauti kati ya vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetokea hata bila vita, na sehemu kubwa sana ilikuwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Kila kitu kinategemea ile hesabu ya "hata bila vita". Utafiti wa mwisho ulikuta vifo 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Ukichukua 1.5 kuwa kiwango cha kawaida, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, ziada ni 0.7. Ukichukua 2.0, kama walivyopendekeza wakosoaji kwa kuwa Zaire ilikuwa hoi hata kabla ya vita, ziada ni 0.2. Uamuzi wa nusu nukta, ukizidishwa kwa makumi ya mamilioni ya watu na miaka kadhaa, unaongeza au kuondoa mamilioni ya wafu. Hakuna anayejua kwa uhakika kiwango halisi cha kabla ya vita, kwani sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika 1984. Anayesema milioni sita "waliuawa na jirani" amepandisha makadirio, ametoa malaria, kisha amemtaja muuaji. Anayesema takwimu hizo ni uzushi mtupu naye anasahau kwamba mtoto aliyekufa kwa kuhara msituni alikuwa msituni kwa sababu kijiji chake kilichomwa.

Kwa ukaribu zaidi, chukua Kishishe, kijiji cha Rutshuru. Tarehe 29 Novemba 2022 wapiganaji wa M23 waliingia baada ya kupigana na wanamgambo. Serikali ilianza na wafu 50, na ndani ya siku chache waziri mmoja akatangaza 272. M23 walisema raia wanane, waliouawa kwa risasi zilizopotea. Uchunguzi wa awali wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha watu 131 wa Kishishe na Bambo, wanaume 102, wanawake 17 na watoto 12. Sasa tazama kila idadi ilivyopatikana. Wakati huo hakuna mchunguzi aliyefika kijijini. Umoja wa Mataifa uliwahoji mashahidi na manusura 52 huko Rwindi, kilomita 20 hivi kutoka hapo, na Goma, hivyo 131 ni idadi ya chini kabisa: ni wale tu walioweza kuthibitishwa kwa njia hiyo. Idadi ya serikali ilikuwa ya kukusanya taarifa bila kuchuja. Ya M23 ilitoka kwa mtuhumiwa. Lipo pia swali la wanamgambo waliovaa kiraia, na uwiano wa wanaume kwa wanawake unaweza kusomwa kwa njia mbili: kwamba wengi walikuwa wapiganaji, au kwamba wauaji walichagua wanaume nyumba kwa nyumba. Mashahidi waliohojiwa walieleza hilo la pili. Msomaji aliyeona namba moja tu kwenye simu yake amepokea simulizi nzima bila kujua.

Goma ilirudia somo hilohilo. Mwanzoni mwa Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulitaja miili karibu 2,900 mjini humo. Mwishoni mwa mwezi waziri mkuu Judith Suminwa akasema Geneva kwamba zaidi ya 7,000 wamekufa tangu Januari. Mitandaoni watu waliitana waongo, wakati idadi ya kwanza ilikuwa ya mji mmoja na ya pili ya eneo lote la mapigano, na katika hiyo 7,000 Goma yenyewe ilihesabiwa kwa zaidi ya 3,000. Kabla ya kulinganisha idadi mbili, uliza ni za wapi, kuanzia lini hadi lini, na kama wapiganaji wamo. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

Pande zote zina desturi moja ya lugha ambayo ukishaiona huwezi kuacha kuiona: mwenzangu hutenda, mimi hujibu. Kwa Kigali, askari wake ni "hatua za kujihami", huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakikadiria mwaka 2024 kuwa kulikuwa na wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo, wakiwa bega kwa bega na M23. Kwa Kinshasa, Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, ni wananchi walioinuka kutetea nchi, huku wataalamu haohao wakieleza jinsi jeshi la Kongo lilivyoshirikiana na FDLR. Ripoti ni moja. Redio ya kila upande husoma kurasa zake na kuziruka nyingine. Ukitaka kujua ripoti inasema nini, isome pamoja na viambatisho vyake, kwani picha za angani, nakala za barua na vipande vya mahojiano viko huko nyuma.

Na wasiofaa katika simulizi yoyote husahaulika. ADF, kundi lenye chimbuko Uganda, limekuwa likichinja raia katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014, baadaye na Ituri. Huko Ituri, wanamgambo wa CODECO hushambulia hata kambi za wakimbizi wa ndani. Wafu wao hawamsaidii anayetaka kuthibitisha kwamba tatizo lote ni Rwanda, wala anayetaka kuthibitisha kwamba tatizo lote ni FDLR.

Simulizi hizi huingia hadi kwenye mikataba. Ule uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 na mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda unataka FDLR imalizwe nguvu, na Rwanda iondoe hatua zake za kujihami. Kila upande umepewa sentensi yake, kwa maneno yake. Ugomvi ukahamia kwenye utaratibu: kipi kitangulie? Kinshasa inasema askari waondoke, FDLR itashughulikiwa. Kigali inasema FDLR kwanza. Wala M23 hawakuwa mezani Washington. Mazungumzo yao na Kinshasa yaliendeshwa Doha, ambako hoja mojawapo ilikuwa nyingine kabisa, kurejea kwa wakimbizi.

Rwanda ina makumi ya maelfu ya wakimbizi Wakongo, wengi Watutsi, baadhi yao wakiwa makambini tangu 1996. Kongo, Rwanda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilitia saini makubaliano ya kuwarejesha mwaka 2010, lakini wengi wao bado wako makambini. Kikwazo si usafiri. Mtu akifika Masisi na kusema kijiji hiki ni changu, nani atathibitisha? Sensa ni ya 1984, vyeti vya kuzaliwa vijijini ni adimu, na waliozaliwa kambini wamesajiliwa na nchi ya kigeni. Kinachobaki ni ushuhuda wa majirani na chifu. Na mara nyingi chifu, au mtu aliyepewa ardhi na chifu, ndiye analima shamba hilo sasa. Kamati za mitaa zilizopendekezwa kusikiliza madai hayo zitaamua mwaka gani wa kuanzia kuhesabu, kwa kila familia, shamba kwa shamba.